Kijana anasomea nyumbani, chuo hataki hata kukisikia

Safu ya maswali ya wasomaji: malezi na masomo ugenini

BARUA YA KWANZA

Dada, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, natokea Kisii, ninaishi Brooklyn Park, Minnesota. Mwaka 2020 shule zilipofungwa na masomo yakahamia kwenye kompyuta, niliwaona watoto wangu wakikodolea kioo siku nzima bila kuambulia kitu, nikaamua kuwafundisha mwenyewe. Shule zilipofunguliwa hatukurudi, na sijutii. Kifungua mimba wangu sasa ana miaka 17, yuko darasa la kumi na moja kwa hesabu yetu ya nyumbani. Anasoma vitabu vinene, anapika, anawaelekeza wadogo zake, na Jumamosi anashinda gereji kwa mjomba wake, kaka yangu mkubwa. Hesabu tulilegea kidogo tangu nichukue shifti ya usiku, ila mengine yote yuko vizuri.

Shida ni chuo. Nikikitaja tu, anavaa spika za masikioni. Siku akijibu, ananiambia: "Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu anaweza kujifunza bila kukaa darasani. Sasa imekuwaje?" Anasema mjomba hana digrii na ana nyumba yake. Baba yake amechoka, anasema akitimiza miaka 18 achague: chuo au mlango. Kanisani naulizwa mwanangu anaenda wapi akimaliza, na wengine naona kabisa wanangoja niaibike kwa sababu nilimtoa shule. Niliandika orodha ya vyuo nikaibandika kwenye friji, akaibandua. Nimshawishi vipi?

Mama wa watatu, Brooklyn Park

JIBU

Mama, pole kwa usiku unaokesha kazini na mchana unaoumalizia kwenye vitabu vya watoto. Na hongera. Kijana wa miaka 17 anayesoma vitabu vinene bila kulazimishwa, anayepika na kuwaelekeza wadogo zake, hajaharibikiwa, waseme watakavyo wanaosema.

Barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia nakwama kwenye sentensi uliyoipita mbio: hesabu mlilegea kidogo. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo, kabla sijataja jina la chuo chochote. Kazi yangu ya mchana ni kwenye dawati la kupokea wanafunzi wapya katika chuo kimoja cha umma hapa Minnesota, na vijana waliosomea nyumbani wanapita kwangu kila muhula. Wavulana, hasa, wakiogopa aljebra hawasemi kwamba wanaogopa aljebra. Wanasema chuo ni kupoteza pesa. Wanasema fulani hakusoma na ana maisha yake. Ni yale ya sungura na ndizi, sizitaki mbichi hizi. Kisha wakikalishwa mbele ya mtihani wa kupimwa kiwango, sura inabadilika, na hapo ndipo mtu unajua mgomo ulikuwa wa nini.

Usimuulize kama anaogopa, maana atakataa. Mtafutie mtu wa kukaa naye kwenye hesabu majira haya ya baridi, na mtu huyo asiwe wewe. Kwenye kanisa lolote la Wakenya hapa hakosekani mhandisi, mhasibu au mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi anayeweza kutoa saa moja na nusu Jumanne jioni. Vyuo vingi hapa hutumia mtihani unaoitwa ACCUPLACER kuwapanga wanafunzi, na mazoezi yake yanapatikana bure mtandaoni. Mwache ajipime peke yake chumbani, na matokeo usiyaombe. Kama kuna mwanya utazibwa mapema na bila aibu, na ndipo utajua ni kiasi gani cha kule kukataa kilikuwa ni chuo kweli.

Sasa lile swali lake. Amekuuliza swali zuri, Mama, tena la haki, na nadhani linauma kwa sababu bado hujalijibu. Ulimfundisha kwamba elimu haifungwi ndani ya jengo, halafu ghafla jengo limekuwa lazima. Kwa upande wake inaonekana kama unaifuta miaka mitano mliyoshinda pamoja kwenye meza ya jikoni. Mketishe siku hujachoka, umjibu kama mtu mzima. Mwambie ulichomwambia ni kweli na bado unakiamini. Halafu mwambie na lingine lililo kweli vilevile: katika nchi hii kuna kazi ambazo mlango wake una mhuri, na mhuri huo haupatikani kwa video. Uuguzi, ualimu, uhandisi, maabara. Akizichagua au asizichague ni juu yake, lakini ajue leo, akiwa na miaka 17. Asije akagundua akiwa na miaka 25 na mtoto mgongoni. Na kuna jambo ambalo wewe kwa upendo wako wote huwezi kumpa, nalo ni kufundishwa na mtu asiyempenda. Mwalimu asiyemjua mama yake, anayesoma insha yake usiku pamoja na nyingine 30 na kuandika pembeni kwamba aya ya pili haijathibitisha kitu. Hilo linauma, na linamjenga kijana kwa namna ambayo nyumbani haiwezekani.

Watu wa kanisani waondoe kabisa kwenye mazungumzo haya. Hujasema kwamba umewataja mbele yake, lakini kijana wa umri huo ananusa. Akihisi kwamba chuo ni jibu lako kwa majirani, atakikataa hata kama moyoni anakitaka, kwa sababu hakuna kijana anayekubali kuwa kombe la kuonyeshea wageni. Wakikuuliza anaenda wapi, waambie anafanya kazi gereji na bado anaangalia. Ni kweli, na haina aibu.

Mjomba. Hapo, Mama, una hazina usiyoitumia. Kijana anamtaja mjomba kama ushahidi wake, basi mwite shahidi mwenyewe aseme. Nenda kwa kaka yako bila mwanao, umwombe si kumhubiria, bali amweleze gereji ilivyo hasa. Amwonyeshe gari lililoingia wiki hii wakalirudisha kwa sababu mfumo wake wa umeme haukufunguka kwa kompyuta waliyo nayo. Amweleze habari za betri za magari ya haibridi na ya umeme, zile zenye volti za kuua mtu, ambazo fundi asiyefunzwa hatakiwi kuzigusa. Amwambie gharama ya bima, na maumivu ya mgongo ya miaka ishirini chini ya magari. Mafundi wa hapa hupimwa kwa vyeti vya ASE, na kuvipata inahitajika kwa kawaida miaka miwili ya kazi pamoja na kufaulu mtihani. Mafunzo ya chuo yanaweza kuhesabiwa badala ya sehemu ya miaka hiyo. Hilo kijana akilisikia kutoka kwa mjomba mwenye mafuta mikononi litaingia. Likitoka kwako litagonga spika za masikioni na kurudi.

Unaona nimesema ufundi, na nimesema kwa makusudi. Wazazi wengi tuliotoka nyumbani tukisikia chuo tunaona joho na kofia. Huko Brooklyn Park kwenu kuna Hennepin Technical College, chuo cha umma, na ufundi wa magari ni miongoni mwa masomo yake. Hapo hapo mjini mna North Hennepin Community College, kwa anayetaka masomo ya kuhamishia chuo kikuu baadaye. Vyote viwili ni chuo. Uanagenzi wa umeme au mabomba ambao analipwa huku akisoma jioni nao ni masomo, na wanaoomba nafasi za umeme huulizwa aljebra, kwa hiyo hata akienda huko bado tunarudi kwenye ile sentensi yako fupi. Nasema haya kwa sababu nimeona mama akimkatalia mwana chuo cha ufundi akitaka chuo kikuu, na mwana akaishia kukosa vyote viwili.

Tuje kwenye jambo ambalo ningependa ulifanye kabla ya mengine, kwa sababu lina saa inayokwenda. Minnesota ina mpango unaoitwa PSEO, ulioanza mwaka 1985 kabla ya jimbo lingine lolote. Mwanafunzi wa darasa la kumi na moja au la kumi na mbili anasoma kozi za chuo halisi, anapata krediti halisi, yaani pointi zinazohesabiwa kuelekea digrii, na jimbo linalipa karo na vitabu. Wanaosomea nyumbani wanaruhusiwa. Wana fomu yao ya ziada ya idara ya elimu ya jimbo, na tarehe za mwisho huja mapema kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo piga simu chuoni sasa wakati wa baridi, uombe kuzungumza na mshauri wa PSEO. Mpango huo haulipii kozi za kurudia msingi wa hesabu. Ndiyo sababu nyingine ya yule mhasibu wa Jumanne jioni.

Sikia hapa vizuri. Mpango huu ni wa ambaye hajamaliza sekondari. Wewe ndiye mkuu wa shule ya nyumbani kwako, na wewe ndiye unayetangaza kwamba mwanafunzi amemaliza. Ukimpa cheti chake mapema kwa furaha, ukamfanyia na sherehe, umeufunga mlango wa bure. Ana mwaka mzima wa darasa la kumi na mbili mbele yake. Utumieni.

Mwanzo achukue kozi moja. Asibebe nne. Achague mwenyewe, na ukimwona amechagua kitu usichokielewa, tuseme historia ya filamu au uchomeleaji, nyamaza. Lengo la kozi hiyo ya kwanza si digrii. Ni aingie darasani, akae na watu wa kila umri, aone kwamba yeye aliyesoma vitabu vinene ana la kusema kuliko alivyodhani. Vijana waliosomea nyumbani wanawapendeza sana walimu wa chuo, hili nalishuhudia, kwa sababu wamezoea kusoma wenyewe na wanauliza maswali. Wanapoanguka ni kwenye tarehe za kuwasilisha kazi. Nyumbani insha isipoisha Ijumaa inaisha Jumapili. Chuoni Ijumaa saa sita usiku mfumo unajifunga. Mfundishe hilo tangu leo: mpe kazi yenye saa, na saa ikipita usiipokee. Na ajue kuwa alama za PSEO zinabaki kwenye rekodi yake ya chuo moja kwa moja, hata akifeli. Kila muhula una tarehe ya mwisho ya kujiondoa bila kupata F. Iandikwe kwenye kalenda siku ya kwanza.

Nawe jiandae kwa jambo moja linalowashangaza wazazi wengi pale dawatini kwangu. Sheria ya faragha ya wanafunzi ya mwaka 1974 inasema mwanafunzi akishaingia chuo, rekodi zake ni zake, hata kama bado hajatimiza 18. Mwalimu hatakujibu ukimwandikia kuuliza alama. Mimi mwenyewe siruhusiwi kukuambia bila idhini yake. Kuna mama mmoja aliyekuja na kijana wake, kila swali nililomuuliza kijana akalijibu yeye: jina, somo analopenda, hata nambari ya simu. Nikamwomba kwa heshima akaketi kwenye kiti cha nyuma. Yule kijana alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia anataka kusoma jiolojia. Mama yake alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo likitoka mdomoni mwake. Umekuwa mwalimu wa mwanao miaka mitano. Anachohitaji kukiona sasa ni kwamba uko tayari kubaki kuwa mama yake tu. Pengine ukimwambia sheria hiyo, kwamba alama zitakuwa siri yake, ndilo jambo la kwanza kuhusu chuo litakalomvutia.

La mwisho nalielekeza kwa baba watoto, naomba umsomee. Shemeji, nakuelewa, na uchovu wako una sababu. Lakini hiyo "chuo au mlango" inafunga vyote viwili. Fomu ya FAFSA, ambayo ndiyo njia ya msaada wa serikali, inamhesabu kijana kuwa chini ya wazazi mpaka atimize miaka 24, isipokuwa ameoa, ana mtoto anayemtunza, amepita jeshini au ana sababu nyingine chache. Kumfukuza nyumbani hakumfanyi kuwa huru mbele ya fomu hiyo. Bila taarifa zenu za kipato atakosa ruzuku ya Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 inafika dola 7,395, na atakosa North Star Promise, mpango wa Minnesota ulioanza vuli ya 2024 unaofuta karo ya vyuo vya umma kwa familia zenye kipato kisichofika dola 80,000. Kwa maana nyingine, kijana anayefukuzwa kwa kukataa chuo, akibadili nia akiwa na miaka 20 atamhitaji baba yuleyule aliyemfukuza aje kutia sahihi. Mwambie badala yake: hapa nyumbani kila aliyefika 18 anasoma au anafanya kazi na kuchangia. Kijana wenu tayari anafanya kazi. Achangie mafuta ya gari na intaneti, aheshimiwe kwa hilo.

Na akikataa hata kozi moja, baada ya mjomba, baada ya hesabu, baada ya yote? Basi mwache afanye mwaka wa gereji kwa uzito, saa kamili, na wewe uweke karatasi zake tayari: orodha ya masomo yote ya darasa la tisa hadi la kumi na mbili, vitabu alivyosoma, alama, matokeo ya mitihani ya kila mwaka ambayo Minnesota inakutaka umpe. Vyuo hivi vinapokea watu wa miaka 19, 27, 40. Mwaka 2023 takwimu za wizara ya kazi ya Marekani zilionyesha mtu wa katikati katika kundi la wenye cheti cha sekondari tu akipata dola 899 kwa wiki, wa wenye stashahada ya miaka miwili 1,058, wa wenye digrii 1,493. Mwonyeshe namba hizo mara moja, usizibandike kwenye friji.

BARUA YA PILI

Mama mwandishi, salamu kutoka Fort Worth, Texas. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu. Binti yetu wa miaka 18 tulimsomesha nyumbani sekondari yote. Mwanzo alikataa chuo, sasa amekubali, lakini rafiki zetu wanatutisha kwamba bila kufanya mtihani wa GED, ule wa cheti mbadala cha sekondari, hakuna chuo kitakachompokea wala serikali haitampa msaada, kwa kuwa cheti chake nimekichapa mimi mwenyewe. Tumekuta tovuti inayouza diploma kwa dola mia tatu. Tununue?

Baba wa binti, Fort Worth

JIBU

Baba, msinunue. Diploma za kununua kwenye tovuti ndizo zinazowatia watu matatani, na cheti ulichokichapa wewe kwa haki kina nguvu kuliko hicho.

Katika Texas sheria iko upande wenu. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Texas, katika kesi iliyoanzia kwa majirani zenu wa Arlington, iliamua kwamba anayesomea nyumbani kwa mtaala wa kweli anahesabiwa kama mwanafunzi wa shule binafsi. Sheria ya jimbo pia inavitaka vyuo vya umma vimpokee kwa vigezo vilevile vya wengine. Kwa upande wa msaada wa serikali kuu, tangu marekebisho ya sheria ya elimu ya juu ya 1998, aliyemaliza sekondari nyumbani kwa mujibu wa sheria ya jimbo lake anastahili bila GED. Kwenye FAFSA kuna mahali pa kuchagua kwamba alimalizia masomo nyumbani. Mchague hapo, msiandike kitu kingine.

Mnachohitaji ni transkripti nzuri. Ukurasa mmoja: jina lake, tarehe ya kuzaliwa, jina la shule yenu ya nyumbani, masomo kwa kila mwaka, krediti, alama, wastani, tarehe aliyomaliza, na sahihi yako. Baadhi ya vyuo hutaka sahihi hiyo ipigwe muhuri na mthibitishaji wa sahihi (notary). Pigeni hata kama hawajataka, ni dola chache. Kwa Tarrant County College atafanya mtihani wa kupimwa kiwango wa jimbo, TSIA2. Kama macho yake yako Austin, Chuo Kikuu cha Texas kilirudisha sharti la mtihani wa SAT au ACT kwa wanaoingia kuanzia vuli ya 2025, na kwa asiye na nafasi ya darasani (kuwa wa ngapi kati ya wenzake), kama binti yenu, alama hizo ndizo zinazotumika kumkadiria nafasi. Kwa hiyo pesa mliyotaka kununulia diploma ilipieni SAT na vitabu vya mazoezi, nyingine itabaki.

Halafu, Baba, umeandika kwa ufupi kwamba mwanzo alikataa na sasa amekubali. Muulize nini kilimgeuza. Wazazi wengine wanaosoma safu hii wangefaidika, na ukiniandikia tena nitachapisha.

BARUA YA TATU

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 16, naishi Columbus, Ohio. Tulikuja Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, nikiwa mdogo. Nilianza shule hapa, watoto wakawa wananicheka Kiingereza changu mpaka nikawa siongei kabisa, ndipo Baba akanitoa darasa la tatu na kunisomesha nyumbani. Sasa wazazi wanataka nianze kufikiria chuo. Nimewaambia sitaki kwa sababu nasuka nywele na wateja ninao, na ni kweli ninao. Lakini ukweli mwingine sijawaambia. Naogopa kuingia darasani. Naogopa mwalimu aniulize kitu na wote wageuke. Usiniambie nijiamini, hiyo nimeambiwa sana.

Msusi wa Columbus

JIBU

Marahaba mwanangu. Sitakuambia hivyo.

Uliyoyaona ukiwa mtoto yalitokea kweli, na baba yako alikulinda. Ila darasa unaloliogopa ni la watoto wa miaka minane, na hilo halipo tena. Darasa la komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, katika mji kama wako lina dereva wa lori mwenye miaka 40, mama Msomali anayesomea uuguzi, Mnepali aliyefika juzi, askari mstaafu, na kijana wa sekondari pembeni. Lafudhi ni nyingi kiasi kwamba mwalimu huuliza "unaweza kurudia?" kwa kila mtu, na hakuna anayegeuka. Mimi nilianza kusoma nchi hii nikiwa na Kiingereza cha Tanga, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee usiku, na waliokaa nami meza moja walinifuata wakiomba nakala za maelezo yangu ya somo.

Ususi wako usiuache wala usiuonee haya. Msichana wa miaka 16 anayeshughulika na wateja, anayepanga bei, anayemwambia mtu mzima "ukichelewa nusu saa nafasi inakwenda kwa mwingine", tayari anaongea na watu asiowajua saa nne mfululizo akiwa amesimama nyuma yao. Unafanya hivyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia, nina hakika. Kozi ya mwanzo ya biashara au uhasibu itakufaa kesho yake, kwenye daftari lako la wateja.

Ohio ina mpango unaoitwa College Credit Plus, kwa wanafunzi kuanzia darasa la saba hadi la kumi na mbili, na wanaosomea nyumbani wamo. Karo inalipwa na jimbo. Kwa mliosomea nyumbani maombi ya fedha hizo yanatakiwa yawe yamefika kufikia Aprili 1, kwa hiyo usichelewe. Columbus State ni moja ya vyuo vinavyoshiriki. Najua kuna kozi za mtandaoni na utavutiwa nazo kwa sababu utabaki chumbani. Kwa hofu yako mimi ningekushauri usianze nazo. Tafuta kozi ya ana kwa ana, ya jioni, yenye watu wachache.

Kabla ya muhula kuanza, mwandikie mwalimu barua pepe. Mistari mitatu inatosha: jina lako, kwamba umesomea nyumbani tangu ukiwa mdogo na hili ni darasa lako la kwanza, na kwamba ungeomba asikuite kwa ghafla wiki mbili za mwanzo, utainua mkono mwenyewe ukiwa tayari. Walimu hupokea barua za namna hiyo, na wengi huziheshimu. Pia kila mwalimu ana saa za kukaa ofisini kwa ajili ya wanafunzi. Nenda wiki ya kwanza hata kama huna swali, umwone uso, akuone. Mtu uliyeongea naye peke yake ofisini hatishi sana akisimama mbele ya darasa. Na ukiona hofu yenyewe inakunyima usingizi au inakufunga hata nje ya habari za chuo, vyuo vina washauri wa mambo hayo na ada yake kwa kawaida imo ndani ya huduma za mwanafunzi. Daktari wa familia naye anaweza kukuelekeza.

Lakini kwanza waambie wazazi wako yale uliyoniambia mimi. Wanadhani wanabishana na msusi asiyetaka kusoma, kwa hiyo wanatafuta hoja za kuupinga ususi. Wakijua ni darasa ndilo linalokutisha, baba yako, aliyekutoa darasa la tatu kwa sababu hiyohiyo, ndiye atakayekuelewa upesi. Kama mdomo ni mzito, kata ukurasa huu uuache mezani, halafu muombe akupeleke Columbus State siku moja ya katikati ya wiki, muhula ukiwa unaendelea, mkae kwenye kantini yao mnywe chai, muangalie watu wanaoingia na kutoka. Msijaze fomu yoyote siku hiyo.